Jengo Letu na Ardhi Yake: Maswali Yanayoulizwa Mara kwa Mara

Tangu tangazo libandikwe langoni kwamba shule haidaiwi tena, simu ya ofisi haipumui. Wazazi wanauliza habari za pilau ya sherehe ya kumaliza deni, majirani wanauliza kama uwanja utafungwa, na kuna shule za Likoni na Changamwe zinazotaka kujua tulipitia njia gani. Kamati ya jengo imeona heri kuyajibu yote mahali pamoja. Majibu mengine ni marefu kwa sababu jambo lenyewe ni refu, mengine ni neno moja.

Hasa tunasherehekea nini?

Vitu viwili ambavyo wengi huvihesabu kimoja: kwanza jengo, pili ardhi iliyolibeba.

Mzee wa Kisauni hahitaji kuelezwa tofauti yake, lakini wazazi wengi wamehamia Mombasa juzi na wanashangaa. Hapa kwetu mtu anaweza kuwa na nyumba aliyoijenga kwa jasho lake, akaishi ndani yake, akairithisha wanawe, na bado kila mwezi akampelekea mwenye ardhi kodi ya kiwanja. Nyumba ni yako, udongo si wako. Majengo, Kisauni na Likoni zimejaa nyumba za namna hiyo, nyumba bila ardhi.

Mizizi yake ni ya zamani. Mwaka 1895 Waingereza walikubaliana na Sultani wa Zanzibar kuutawala ukanda wa maili kumi wa pwani kwa malipo ya kila mwaka. Mwaka 1908 serikali ya kikoloni ikatunga sheria ya hati za ardhi ya pwani, iliyomtaka kila anayedai ardhi ajitokeze na athibitishe dai lake. Waliokuwa na habari, na makaratasi, na mtu wa kuwasemea, wakapata hati. Ardhi isiyodaiwa ikawa ya serikali, na waliokuwa wakiilima wakajikuta wageni juu yake. Sheria hiyo ilifutwa mwaka 2012, lakini hati zilizozaliwa nayo zingalipo, na ardhi nyingi ya huku bara, kaskazini mwa kisiwa cha Mombasa, bado inafuata hati hizo.

Shule yetu ilianza kwa mtindo huohuo. Jengo lilinunuliwa kwanza, kwa michango. Ardhi iliendelea kuwa ya familia nyingine, nasi tukawa tunalipa kodi ya kiwanja, tukijua kwamba mwenye ardhi akibadilisha nia, tunaweza kubaki na mabati na milango mikononi. Ndiyo maana kwa miaka yote hiyo hatukuthubutu kuinua ghorofa. Nani ajenge zege juu ya ardhi ya mtu?

Sasa ardhi imenunuliwa, malipo yamekwisha, na hati haina mzigo wowote juu yake.

Kweli hatudaiwi hata senti?

Kwa jengo na ardhi, hatudaiwi. Kwa maji na umeme tunadaiwa kila mwezi kama watu wote.

Malipo ya mwisho yalitangazwa kitambo. Kwa nini sherehe imecheleweshwa hivi?

Swali hili limeulizwa kwa upole na limeulizwa kwa ukali, kwa hiyo tutalijibu vizuri.

Kumaliza kulipa ni jambo moja. Kuwa huru kwenye rejista ni jambo lingine. Tulipochukua fedha za benki, hati ya ardhi iliandikwa jina la wadhamini wa shule, yaani watu waliokabidhiwa kuishika mali kwa niaba ya shule, na juu yake ikasajiliwa rehani ya benki. Rejista ya ardhi ina sehemu tatu. Ya kwanza inaeleza ardhi yenyewe: namba yake, ukubwa wake, na kama ni ya kudumu au ya muda. Ya pili inamtaja mwenye mali. Ya tatu inaorodhesha mizigo yote iliyo juu ya ardhi hiyo: rehani, mazuio, haki za njia na mengineyo. Siku tuliyopeleka malipo ya mwisho, sehemu ya tatu haikubadilika hata herufi. Kompyuta ya benki ilisema sifuri, rejista ya serikali ikasema bado tumefungwa.

Baada ya hapo benki lazima itoe hati ya kuondoa rehani, iliyotiwa sahihi na watu wenye mamlaka. Wakili wetu akaipeleka pamoja na hati asili kwa msajili wa ardhi, ada ikalipwa, msajili akafuta ile rehani. Ndipo tukaomba nakala rasmi ya rejista kwa kusudi moja tu: kuona sehemu ya tatu ikiwa tupu. Tulipoiona, tukapanga tarehe ya sherehe.

Kuna waliosema huo ni urasimu wa bure, kwamba barua ya benki ilitosha kabisa kuchinjia mbuzi. Kamati haikukubali na mpaka leo haikubali. Jumuiya ngapi zimekula pilau ya kumaliza deni, baada ya miaka zikataka kujenga darasa, zikaambiwa ardhi yao bado imefungwa, na benki yenyewe imeshabadilisha jina au kuunganishwa na nyingine, na waliotia sahihi wamestaafu? Makaratasi hufuatwa wakati kila mtu bado anakumbuka.

Hati imeandikwa jina la nani? La mwalimu mkuu?

La. Wala si la mwenyekiti, wala si la mfadhili.

Imeandikwa jina la wadhamini waliosajiliwa chini ya sheria ya wadhamini ya Kenya, ile sura ya 164. Kusajiliwa huko kunawapa wadhamini sifa mbili kubwa. Chombo chao hakifi: mdhamini mmoja akifariki au akijiuzulu, mali haiingii kwenye mirathi yake, inabaki palepale na mwingine anachaguliwa. Tena chombo kina lakiri yake, na hakuna mkataba wa ardhi unaokubalika kwa sahihi ya mtu mmoja aliyeamka vibaya.

Wanaoona hilo ni jambo dogo wapite mitaani waulize. Shule ya jamii inaanzishwa na mwalimu mwenye moyo safi, kiwanja kinaandikwa jina lake kwa sababu ndiye aliyekuwa karibu siku hiyo, watu wanachanga miaka na miaka. Mwalimu akifa, watoto wake wana haki mbele ya sheria, na jumuiya ina vitabu vya risiti. Hakuna aliye mwizi katika kisa hicho, na bado shule inapotea.

Mimi nimechanga tangu harambee ya kwanza. Nina hisa?

Huna hisa. Hata wadhamini hawana. Mchango ni mchango. Hati ya udhamini inasema mali hii ni kwa ajili ya elimu ya watoto, haigawanywi, na ikitokea shule imefungwa kabisa itakwenda kwa kazi nyingine ya elimu, haitarudi mifukoni.

Ulicho nacho ni haki ya kuona hesabu, haki ya kuhudhuria mkutano mkuu na kupiga kura kwa mujibu wa katiba yetu, na haki ya kutuuliza maswali ya kuudhi. Itumieni hiyo ya tatu.

Wazazi ambao watoto wao walishamaliza wanaalikwa?

Wao ndio wenye shughuli. Kuna mama waliouza mahamri na mbaazi langoni na faida ikaenda kwenye jengo, na watoto wao wakamaliza darasa la nane bado tunalipa kodi ya kiwanja. Kuna walioko Doha na Jeddah waliokuwa wakituma kidogokidogo kila mwezi, wengine hawajawahi hata kuliona bati jipya. Kama una namba ya mzazi wa zamani, mpigie wewe mwenyewe, usingoje kadi. Kadi hatukuchapisha, fedha yake ilikwenda kwenye rangi.

Kwa nini ardhi isiwekwe wakfu?

Hili lilijadiliwa kwa muda mrefu na kwa heshima. Wakfu una nguvu ambayo hati ya udhamini haina: ukishawekwa, hauuzwi, haurithiwi, haurudishwi. Mombasa ina misikiti, visima na nyumba zilizosimama vizazi kwa sababu hiyo, na Tume ya Wakfu ina ofisi hapahapa mjini.

Waliopinga walikuwa na hoja mbili. Kwanza, shule yetu ina watoto wa Kiislamu na wa Kikristo, na wazazi wa pande zote mbili wamechanga. Haikufaa nusu yao waone mali imeingia chini ya utaratibu usio wao. Pili, ardhi iliyo chini ya rehani haikuwa yetu ya kuweka wakfu. Hoja ya pili sasa imeondoka. Ya kwanza bado ipo. Anayetaka lirudi mezani alilete kwenye mkutano mkuu, si kwenye kundi la WhatsApp saa sita usiku.

Tulikopa kwa riba?

Hapana. Kenya imekuwa na benki zinazofuata sharia ya Kiislamu kikamilifu tangu mwaka 2008, na huko ndiko tulikokwenda, kwa njia iitwayo musharaka ya kupungua. Benki na wadhamini walinunua ardhi kwa ubia. Kila mwezi tulilipa vitu viwili: kodi ya kutumia fungu la benki, na bei ya kununua kipande cha fungu hilo. Kadiri fungu la benki lilivyopungua ndivyo kodi ilivyopungua, mpaka fungu likaisha.

Mzazi mmoja alisema kwenye mkutano kwamba hiyo ni riba iliyovaa kanzu. Watu walicheka, lakini hoja yake ilijibiwa na masheikh wawili na mhasibu mmoja, na ni mhasibu aliyeeleweka zaidi. Wazazi wa Kikristo, kwa upande wao, waliuliza kitu kimoja tu: jumla ni kiasi gani ukilinganisha na mkopo wa kawaida? Hesabu ziliwekwa mezani, wakaridhika.

Familia iliyokuwa na ardhi ilikubalije kuuza?

Kwa hiari, na kwa bei waliyoipenda. Kilichochukua muda hakikuwa ubishi bali mirathi. Marehemu mwenye hati aliacha warithi wengi, wengine wanaishi Muscat. Mahakama ya Kadhi ikaainisha warithi na mafungu yao, kisha urithi ukasajiliwa, kisha mpimaji aliyesajiliwa akakata kipande chetu kutoka kwenye shamba kubwa, ramani ikaidhinishwa, ndipo uhamisho ukawezekana. Hatua hizo hazirukwi. Kuna dalali aliyekuja na ahadi ya kuziruka. Alipewa chai akaenda zake.

Kodi pia zina wenyewe. Ushuru wa stempu ni wa mnunuzi: mjini ni asilimia 4 ya thamani, mashambani ni 2, na thamani hupangwa na mthamini wa serikali, si na kile mlichoandika kwenye mkataba. Kodi ya faida ya mauzo ni ya muuzaji, nayo ilipanda kutoka asilimia 5 hadi 15 Januari 2023. Wauzaji wengi hujaribu kumtupia mnunuzi mzigo huo wa pili chinichini. Mkataba wetu uliandika wazi nani analipa nini.

Basi sasa ardhi ni bure milele?

Kodi ya kiwanja imekwisha. Kwa kuwa hati yetu ni ya umiliki wa kudumu, hatulipi pia kodi ya ardhi ya serikali kuu inayolipwa na wenye hati za muda. Kodi ya kaunti ni habari nyingine. Sheria imekuwa ikitoa nafasi ya msamaha kwa ardhi ya shule isiyoendeshwa kwa faida, lakini msamaha huombwa, na ukiombwa vibaya unakataliwa. Ombi limepelekwa. Mpaka jibu lije, kamati inaweka akiba kana kwamba tutalipa, maana deni la kaunti hukua kimyakimya na siku ukitaka cheti cha kutodaiwa ndipo unapolijua umri wake.

Karo itashuka?

Karo yenyewe, hapana. Ule mstari wa mchango wa jengo kwenye karatasi ya ada utaondolewa muhula ujao, na wazazi wataiona tofauti.

Tunajua wengi walitarajia zaidi. Fedha iliyokuwa ikienda benki ina kazi zinazoingoja, nazo si za anasa. Tangu sekondari ya chini ianze mwaka 2023, wanafunzi wa gredi ya saba hadi ya tisa wamehitaji maabara, na maabara yetu kwa sasa ni meza mbili na kabati linalofungwa kwa waya. Tena kuna jengo lenyewe.

Jengo lina shida gani?

Bahari. Kuta za mawe ya matumbawe zinavumilia, chuma hakivumilii. Hewa ya chumvi inaingia kwenye zege yenye ufa, inakula nondo, nondo inavimba kwa kutu, zege inabanduka vipande. Mmeona ile boriti ya ukumbi iliyozungushiwa kamba ya manjano. Mhandisi ameikagua na itatengenezwa likizo hii, kabla ya jambo lingine lolote. Misumari ya bati upande wa kusi imeoza kuliko upande mwingine, na hilo linaeleweka, upepo unatokea huko. Mifereji isafishwe kabla ya vuli. Shimo la choo linyonywe kabla halijatuaibisha.

Tulipokuwa wapangaji wa ardhi tulikuwa na kisingizio: kwa nini tutumie fedha nyingi kwenye kitu ambacho kinaweza kuvunjwa? Kisingizio kimeondoka. Kamati imefungua akaunti tofauti ya ukarabati, na fedha yake haitakopwa kwa mishahara hata muhula uwe mgumu vipi. Walimu wameambiwa hivyo ana kwa ana, na si wote waliofurahi.

Tunaweza kuweka hati rehani tena tujenge ghorofa?

Kisheria tunaweza. Wadhamini watahitaji idhini ya mkutano mkuu, na hati ya udhamini inataka kura nyingi kuliko kawaida kwa jambo hilo.

Maoni ya kamati: si sasa. Wapo wazazi wafanyabiashara wanaosema hati iliyolala kabatini ni mtaji uliokufa. Kwa duka la Kongowea ni kweli. Duka likifilisika mwenyewe anahamia kibanda kingine. Shule ikipigwa mnada watoto mia kadhaa wanatafuta dawati katikati ya muhula. Ghorofa itajengwa, lakini kwa awamu, kwa fedha iliyopo mkononi, na kwa ramani iliyoidhinishwa na kaunti.

Kuna mtu anasema kona ya uwanja ni yake. Ni kweli?

Mawe ya mipaka yalikaguliwa na mpimaji wakati wa kununua, na yamekaguliwa tena mwaka huu. Kona hiyo ni ya shule. Jirani amekuwa akianika makuti pale kwa miaka, kwa ruhusa ya mdomo, na hakuna ugomvi. Ila ruhusa hiyo sasa imeandikwa na pande zote zimetia sahihi, kwa sababu sheria ya Kenya inamruhusu mtu aliyekalia ardhi ya mwenzake waziwazi, bila ruhusa na bila kusumbuliwa, kuidai baada ya miaka 12. Karatasi ya ruhusa inalinda ujirani kuliko ukuta.

Uwanja wa shule ni kitu kinachotamaniwa. Mwaka 2004 tume ya serikali ilitoa ripoti nene kuhusu ardhi ya umma iliyogawanywa kinyume cha sheria nchini, viwanja vya shule vikiwemo. Na Januari 2015 Nairobi, watoto wa shule ya msingi ya Lang'ata Road walipigwa mabomu ya machozi walipoandamana kuudai uwanja wao uliozungushiwa ukuta. Hapo ndipo agizo la kuzipatia shule za umma hati lilipotoka. Sisi si shule ya umma, agizo halikutuhusu. Somo lilituhusu.

Majirani bado wanaweza kutumia uwanja na ukumbi kwa harusi na matanga?

Ndiyo. Matanga hayalipiwi. Harusi zinalipiwa ada ya usafi, na muziki unazimwa saa nne usiku. Mpira wa jioni uendelee, lakini anayevunja kioo anakijua kioo.

Sherehe ni lini na itakuwaje?

Jumamosi ya kwanza baada ya kufunga shule mwezi wa Agosti, kuanzia saa tatu asubuhi. Dua itasomwa na sheikh na mchungaji, kila mmoja kwa njia yake, kisha wadhamini watainua hati mbele ya watu, halafu mwenyekiti atasoma majina ya waliotangulia mbele ya haki miongoni mwa waliochanga. Watoto wana ngonjera na dufu. Akina mama wana lelemama, ngoma yao, baada ya chakula, ukumbini, na wanaume watabaki nje bila kuchungulia.

Hotuba zina dakika tano kila moja. Viongozi wa siasa wamealikwa kama wazazi na majirani. Hakutakuwa na harambee, hakutakuwa na bahasha jukwaani, na kipaza sauti kinashikwa na mwalimu wa nidhamu.

Chakula?

Pilau ya nyama kwa sinia, watu wanne wanne, kachumbari, ndizi, na sharubati ya ukwaju. Wapishi ni walewale wa maulidi ya mtaa, kwa hiyo ukoko pia upo kwa wanaougombea. Asiyekula nyama aseme mapema.

Ile leso ya sherehe inapatikana wapi?

Kwa kamati ya akina mama, si ofisini. Imechapishwa kwa oda kupitia duka la Biashara Street, inauzwa kwa jozi, na jina lake ni *Tumelipa kwa subira, tuachieni furaha*. Waliotaka jina kali zaidi walishindwa kwa kura. Faida inakwenda kwenye maabara.

Watoto wavae sare?

Ndiyo, na viatu vilivyofungwa.

Mvua ikinyesha?

Turubai zimekodiwa. Rasharasha za kusi hazijawahi kuvunja shughuli Mombasa.

Naweza kuiona hati kwa macho yangu?

Siku ya sherehe, ndiyo, asili yenyewe, kwa kuangalia bila kushika. Baada ya hapo inarudi kwenye sefu ya benki na haitakaa shuleni hata usiku mmoja. Nakala iliyothibitishwa na wakili imetundikwa ofisini pamoja na nakala rasmi ya rejista, na namba ya kiwanja inasomeka. Mwenye shaka aende mwenyewe kwa msajili, alipe ada, aangalie. Wazazi kadhaa wamekwishafanya hivyo na kamati imewashukuru.

Sisi ni shule ya Likoni, tuna jengo lakini hatuna ardhi. Tuanze wapi?

Msianze na harambee. Harambee ni rahisi, na fedha ikishakusanywa inawasukuma kununua haraka.

Anzeni na kujua ardhi ni ya nani. Tafuteni namba ya kiwanja. Upande wenu wa kusini namba nyingi hutanguliwa na herufi MS, kama zetu za kaskazini zinavyotanguliwa na MN. Ombeni rejista rasmi. Mara nyingine anayewatoza kodi ya kiwanja si mwenye hati, ni mtoto wa mwangalizi wa mwenye hati, na amekuwa akitoza kwa mazoea. Mara nyingine ardhi ni ya serikali, na njia yake ni nyingine kabisa, inapitia Tume ya Taifa ya Ardhi. Watu wa shamba la Waitiki kwenu wanajua: ekari 930, mvutano wa miaka mingi, serikali ikanunua na hati zikatolewa Januari 2016. Kama mko ndani ya mipaka kama hiyo, ulizeni kwanza kiwanja chenu kiliandikwa nini wakati wa upimaji, maana viwanja vya shule na zahanati hutengwa kwa jumuiya na huwa na masharti yake.

Pili, jisajilini kama chombo kabla hamjawa na kitu cha kugombania. Wadhamini wachaguliwe wakati mali bado ni ndoto. Kila mtu huwa muungwana wakati huo.

Tatu, wekeni risiti zote za kodi ya kiwanja mlizowahi kulipa, hata zilizoliwa na mende. Zinaonyesha mlikuwa pale kwa makubaliano, na mwenye ardhi akiamua kuuza kwa mtu mwingine, risiti ndizo zitakazowapa sauti mbele ya Mahakama ya Mazingira na Ardhi.

Nne, tafuteni wakili wenu wenyewe. Wakili wa muuzaji ni wa muuzaji, hata akiwa na tabasamu zuri na ofisi Treasury Square.

Halafu ndiyo harambee. Katibu wetu anapatikana Jumatano alasiri na yuko tayari kuwaonyesha faili zima, pamoja na rasimu ya hati ya udhamini mnayoweza kuinakili na kubadilisha jina. Njooni watu wawili au watatu, mmoja wenu awe mwenye kuandika, na mje na namba ya kiwanja.